Nilivyoufunga Mkutano wa Miarobaini kwa Maombi

Leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, nikiwa nimesimama wima, nimefumba macho, mbele ya soko zima. Nawaandikia sasa hivi, tundu moja la pua limeziba na la pili linatiririka, ili mlisikie jambo hili kutoka kwangu kabla hamjalisikia kutoka kwa watu wa bodaboda, ambao wameshaanza kuliongezea chumvi.

Tuanze na miti.

Mji wetu ni mdogo, uko kando ya barabara ya kutoka Migwani kwenda Mwingi, na dereva asipopunguza mwendo anaweza kuupita akidhani ni duka moja refu. Lakini tuna miti. Kikundi cha akina mama kiliipanda zamani, wakaimwagilia kwa maji waliyobeba mgongoni, na leo kuna miarobaini kumi na moja mikubwa imejipanga mstari katikati ya soko. Hiyo ni mbali na mijakaranda ya shuleni na migunga iliyotuzunguka kila upande. Kwa sehemu kubwa ya mwaka miti hii haina neno na mtu. Kisha, mvua zikikaribia, yote huamua kuchanua kwa pamoja kama iliyopigiwa kengele. Hewa inanukia asali. Chavua, ule unga wa maua, unatua kila mahali: kwenye viti, kwenye ndizi, ndani ya kikombe cha chai. Nyuki wanafurahi. Wenye mizinga wanafurahi. Wengine wanapiga chafya.

Mimi sikuwa miongoni mwa wanaopiga chafya. Yaani rasmi. Rasmi sikuwa.

Nieleze. Wiki tatu zilizopita kamati ya soko ilibandika tangazo kwamba inataka kukata miti yote kumi na moja. Wafanyabiashara walikuwa wamelalamika kuhusu aleji, macho mekundu, na bidhaa kugeuka rangi ya manjano. Mahali pa miti pangewekwa paa la mabati. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Kilonzo, ana duka la vifaa vya ujenzi (mabati yapo, mkihitaji). Chini ya paa wangepata nafasi wenye maduka yanayotazama barabara. Wale wanaouza chini ya miti wangehamishwa nyuma ya kichinjio, mahali ambapo hakuna kivuli, hakuna wateja, na upepo una habari zake.

Mama Mwende ni mmoja wa hao. Anauza maharagwe, pojo na sukuma wiki chini ya mti wa tatu, na amekaa hapo muda mrefu kiasi kwamba watu hawasemi "mti wa tatu," wanasema "kwa Mama Mwende." Alikuja nyumbani na kibakuli cha pojo akaniambia, "Mwalimu, wewe ulisoma. Tuandikie kitu."

Sijawahi kufundisha darasa lolote. Lakini huku kwetu ukivaa miwani na kuonekana na gazeti mara mbili, wewe ni Mwalimu mpaka kaburini. Nikaandika. Niliandika barua ya kurasa tatu, ikabandikwa karibu na tangazo, na nikaituma pia kwenye kundi la simu la soko. Mle ndani nilisema mambo mazuri kuhusu kivuli. Kisha nikanogewa. Nikaandika kwamba chavua ni kisingizio cha watu wa mjini. Nikaandika kwamba mwili unaoshindwa na ua ni mwili wenye uvivu. Na nikamalizia hivi: "Mimi mwenyewe naishi mita hamsini kutoka miti hii na sijawahi kutoa hata kamasi."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Nairobi baada ya mvua zilizopita, na tangu hapo hakuna mwarobaini hata mmoja uliokuwa umechanua.

Siku nne baada ya barua, ikachanua.

Mwarobaini, kama mnavyojua, watu wanasema unatibu magonjwa arobaini. Mimi umeniletea la arobaini na moja. Asubuhi ya kwanza nilipiga chafya kumi na tano kabla ya kuvaa soksi ya pili. Macho yakavimba. Koo likawasha mahali ambapo kidole hakifiki. Na mimi ndiye mwandishi wa barua. Kwa hiyo wiki yote nimekuwa nikipiga chafya ndani ya mto wa kitandani, ndani ya taulo, na mara moja ndani ya kabati. Nilikuwa nimeapa kwamba hakuna mtu wa mji huu atakayenisikia mpaka mkutano upite.

Mkutano ulikuwa leo, saa nne.

Nimeamka nikiwa na macho kama matundu ya kifungo. Mke wangu, Mama Kyalo, ameniangalia kwa muda mrefu, kisha ameuliza, "Baba Kyalo, hao watu utawaangalia na macho gani?"

Nikamwambia nitavaa miwani ya jua. Akauliza kuhusu pua. Nikamwambia pua nina mpango nayo. Alicheka, akaenda zake kulisha kuku, na nadhani aliwasimulia.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kwanza, nilijifukiza kwa maji ya moto chini ya blanketi. (Kwenye maji nilitia majani ya mwarobaini. Nilidhani ni dawa. Msiniulize.) Pili, nilijaza mafuta ya mgando kwenye matundu yote mawili ya pua, kwa sababu nilisoma mahali kwamba chavua hunaswa hapo kama nzi kwenye gundi. Tatu, tembe. Mama wa duka la dawa alikuwa amenipa zile ndogo za manjano na akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto, kwamba nimeze moja, usiku, nikiwa tayari nimepanda kitandani. Nikafikiri kisomi. Moja ni ya usiku wa kawaida. Leo si siku ya kawaida. Nikameza mbili, saa tatu asubuhi, kwa chai ya rangi ili mambo yasawazishane.

Shahada yangu ni ya fasihi.

Nimetoka nyumbani kwa hatua za mtu anayekwenda kushinda. Hotuba ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne. Mama Mwende alinisubiri karibu na mti wake akiwa amevaa leso mpya, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wenzake wote wamenitegemea mimi kwa sababu wao wakisimama mbele ya Mzee Kilonzo maneno yanapotea. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo bila kuvuta pumzi kwa pua.

Sasa, mkutano ulipaswa kufanyika ndani ya kanisa. Lakini ufunguo anao pasta, na pasta alikuwa amekwenda mazishini upande wa Mwingi. Watu wakaanza kusimama juani wakijipepea. Mzee Kilonzo akatazama kulia, akatazama kushoto, akaamuru viti viletwe chini ya miarobaini. Hakuna aliyeona ajabu. Mkutano wa kukata miti ulifanyika chini ya miti hiyo hiyo kwa sababu hapakuwa na kivuli kingine mjini. (Mimi niliona. Nikaandika pembeni mwa hotuba. Ilikuwa hoja yangu bora kuliko zote, na bado iko mfukoni.)

Tukaketi watu kama sitini. Maua yalikuwa yanadondoka mabegani mwetu taratibu, kama harusini.

Kabla hatujaanza Mzee Kilonzo akaniinamia. "Mwalimu, na kwa vile pasta hayuko, wewe ndio utatufungia na maombi. Wewe unajua maneno."

Nikakubali. Naomba mlielewe jambo hili, hasa nyinyi mliokulia mahali pengine. Kwetu mkutano unafunguliwa kwa maombi na kufungwa kwa maombi, hata kama ni wa kuamua choo kichimbwe wapi. Katikati ya maombi hayo mawili mnaruhusiwa kugombana mpaka mishipa ya shingo isimame. Lakini yale ya kufunga yakishasemwa, basi. Anayerudisha neno baada ya hapo hagombani tena na mwenyekiti, anagombana na Mungu.

Mama mmoja akafungua kwa maombi. Kisha Syokau akasimama. Syokau ni fundi wa cherehani na pia ndiye katibu wa kamati, kwa hiyo alilalamika kwanza, halafu akakaa chini akayaandika malalamiko yake mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Alisema gauni la harusi jeupe alilolining'iniza nje kwa nusu saa lilirudi ndani likiwa rangi ya uji, na bibi harusi akalia. Baada yake akasimama Salim, muuza vitambaa. Babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kimenyooka kiasi kwamba akianza kuongea sisi wengine tunakaa vizuri kwenye viti. Salim alisema yeye hana ugomvi na miti, ila wateja wake wana tabia ya kuchagua kitenge, kukifunua chote, kisha kupiga chafya katikati yake. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu kicheko kilifungua mlango.

Chafya ya kwanza ilikuja. Niliibana. Nilibana pua, nikabana midomo, nikabana na vidole vya miguu. Ilirudi tumboni ikakaa huko ikinisubiri. Ikaja ya pili. Nikaitafuna. Machozi yakanitiririka nyuma ya miwani ya jua, na Salim, aliyekuwa amerudi kuketi karibu nami, akanigeukia akaniuliza kama ni mzima. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Sikuthubutu kufungua mdomo.

Nilikuwa nashinda, jamani. Mtaniamini? Nilikuwa nashinda kabisa. Mzee Kilonzo alisimama kueleza kuhusu mabati, unene wake, jinsi yanavyotelezesha maji, na kwa mara ya kwanza wiki nzima pua yangu ilitulia. Kifua kikatulia. Mabega yakatulia. Nikajiambia, ah, tembe zimefika.

Zilikuwa zimefika zote mbili.

Sauti ya mwenyekiti ikaanza kutoka mbali, kama redio ya jirani. Viatu vyangu vikaonekana vizuri sana, vya kupendeza. Nikakumbuka kwamba nina hotuba. Nikaamua kuipitia kichwani, na ili niipitie vizuri nikafumba macho kidogo. Miwani ya jua ilinisaidia. Hakuna aliyejua kwamba wakili wa miti alikuwa amelala fofofo chini yake, kidevu kifuani, ua moja limekaa juu ya sikio.

Sijui nililala muda gani. Najua tu kwamba kiwiko kiliingia ubavuni.

"Mwalimu," Salim alininong'oneza, "waitwa wewe. Inuka."

Nikafumbua macho. Kimya kilikuwa kimetanda. Watu sitini walikuwa wananitazama. Mzee Kilonzo alikuwa amesimama, mkono wake umenyooshwa kwangu kwa heshima. Na kutoka upande wa nyuma, mahali akina mama walipokuwa wanapika, harufu ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, ilikuwa imetoka, ile inayotoka sufuria ikifunuliwa.

Akili yangu ikapiga hesabu. Kimya. Watu wote wananitazama. Chakula kimefunuliwa. Hiyo kwa mtu yeyote aliyelelewa Ukambani ina maana moja tu.

Nikasimama. Nikavua miwani. Nikasema kwa sauti nzito, "Tusimame, tuombe."

Watu sitini wakasimama. Kofia zikatoka vichwani. Mzee Kilonzo, aliyekuwa ameshafungua mdomo kusema jambo, aliufunga, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu anayemkata mtu anayeomba. Mtu akiomba, hata kama nyumba yako inaungua, unasubiri Amina. Mama Mwende alinivuta koti. Nikadhani ameguswa. Akanivuta tena, kwa nguvu. Nikaongeza sauti.

Na maombi yenyewe, ole wangu, yalikuwa mazuri. Nilimshukuru Mungu kwa kutuleta salama. Niliwaombea walioko mazishini. Kisha nikasema, na hapa nanukuu kwa sababu Syokau aliandika kila neno, "Baba, tunakushukuru kwa mwenyekiti uliyempa hekima. Yote tuliyokubaliana hapa leo, yatie muhuri. Asitokee mtu wa kuyapinga."

(Ndiyo. Nilisema hivyo. Asitokee mtu wa kuyapinga.)

Nikabariki chakula. Nikawabariki waliokiandaa. Nikavuta pumzi ndefu ili nimalizie, na nilivuta kwa pua.

Chafya niliyoibana tangu saa nne ilitoka, na haikutoka peke yake. Zilitoka saba. Ya kwanza iling'oa mafuta ya mgando kutoka tundu la kulia, yakaruka, yakatua kwenye kitabu cha kumbukumbu cha Syokau, katikati ya ukurasa. Ya tatu ilining'oa mahali niliposimama. Baada ya kila moja Salim alisema "Afya," kwa utulivu, kama anayehesabu magunia. Baada ya ya saba nikasema, kwa sauti iliyobaki, "Amina," na soko zima likajibu "Amina," na viti vikaanza kukunjwa.

Nilipangusa uso. Nilijisikia mwepesi. Watu walikuwa wanapanga foleni ya muthokoi, na nilidhani wananitazama kwa sababu ya zile chafya. Nikamuuliza Salim kama nimesema vizuri.

"Umesema vizuri sana," akajibu. "Ila juu ya miti hukusema lolote."

Nikamuuliza ana maana gani. Akanieleza bila haraka. Kwamba mwenyekiti alikuwa amemaliza habari za mabati. Kwamba alikuwa ameuliza kama kuna mwenye pingamizi. Kwamba Mama Mwende alikuwa amesema pingamizi analo Mwalimu. Na kwamba ndipo nilipoitwa.

Nimewahi kuanguka ngazi za maktaba mbele ya darasa zima chuoni. Nimewahi kumkumbatia mgeni nikidhani ni shemeji. Hayo yote niliyakumbuka kwa upendo.

Nikakimbia kwa Mzee Kilonzo, ambaye tayari alikuwa na sahani. Nikamwambia kulikuwa na kosa, mkutano haujaisha, mimi sijasema. Alinisikiliza akitafuna. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huruma, na huruma ndiyo iliyoniumiza.

"Mwalimu, mkutano umefungwa," akasema. "Na si mimi nimefunga. Ni wewe."

Akamwita Syokau asome. Syokau akapangusa ukurasa kwa kitambaa, kwa subira, kisha akasoma: "Mwalimu aliitwa atoe pingamizi. Akatoa maombi. Mkutano ukafungwa saa sita na dakika kumi." Watu wa msumeno wangekuja Jumatatu.

Niligeuka nikamwona Mama Mwende. Hakuwa kwenye foleni ya chakula. Alikuwa ameketi chini ya mti wa tatu, ameikunja ile leso mpya mapajani, anautazama mti kama mtu anayemtazama mgonjwa. Hakunilaumu. Kama angenilaumu ningerudi nyumbani nikalala. Kwa vile hakunilaumu, nilipanda juu ya benchi.

Sijui nilitoa wapi nguvu. Tembe zilikuwa bado zinanivuta chini na benchi lilikuwa na mguu mmoja mfupi. Nikawaambia watu kwamba najua mkutano umefungwa, basi huu si mkutano, ni mtu mzima juu ya benchi. Nikawaambia kwamba barua yangu ilikuwa na uongo. Kwamba hakuna mtu wa mji huu anayeteswa na maua haya kuliko mimi. Kwamba nimepiga chafya wiki nzima, kitandani na ndani ya kabati. Nilisema yote hayo nikipiga chafya, neno moja chafya moja, na pale mbele mtoto wa mtu alianza kulia kwa hofu.

Nilitarajia mshangao. Hapakuwa na mshangao.

"Mwalimu," mwanamke mmoja akaniambia kutoka kwenye foleni, "sisi tunakusikia kila asubuhi. Hiyo nyumba yako iko na madirisha."

Soko lilicheka. Lilicheka mpaka anayepakua muthokoi akaweka mwiko chini. Ikawa kwamba mji mzima ulikuwa unajua. Wenye bodaboda walikuwa wanahesabu chafya zangu kila alfajiri na kushindana kubahatisha idadi. Barua yangu ilikuwa inasomwa kwa sauti pale stendi, kama mchezo wa kuigiza.

Lakini sikushuka. Nilikuwa nimeshaaibika kiasi kwamba hapakuwa na chini zaidi. Nikawaambia: kama kuna mtu mwenye haki ya kutaka miti hii ikatwe, ni mimi. Nina pua mbaya kuliko zote hapa. Na mimi nasema iachwe, kwa sababu chafya yangu itaisha mvua ikinyesha, lakini Mama Mwende akipelekwa nyuma ya kichinjio, hiyo haiishi.

Hapo kicheko kilipungua. Mzee Kilonzo aliweka sahani chini. Alisema amesikia, na pengine maneno yana uzito, lakini yeye hawezi kuyaandika popote. Mkutano uliofungwa kwa maombi hauwezi kufunguliwa kwa kupanda benchi. Salim, ambaye alikuwa anakula taratibu, akauliza kama hauwezi basi kufunguliwa kwa maombi mengine. Watu wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka jambo kama hilo, wala hakuna aliyekumbuka kwamba limekatazwa. Mwenyekiti akafikiri, kisha akasema sawa, lakini asiombe Mwalimu. Mwalimu ameomba ya kutosha.

"Nitaomba mimi," akasema Mama Mwende. "Ni fupi tu."

Akasimama. Akafunga leso kichwani. Sisi wote tukasimama, tukavua kofia, tukafumba macho.

Haikuwa fupi.

"Ngai wetu," alianza, kwa sauti ile ile anayotumia kuuza sukuma, "wewe ulituona tukileta maji ya hii miti. Mgongo ilikuwa inauma, unajua. Huu wa tatu, shimo yake ilichimbwa na mama yake Kilonzo, na jembe ya kuazima. Unamkumbuka."

Nilifumbua jicho moja. Mzee Kilonzo naye alikuwa amefumbua moja. Tuliyafumba yote mawili haraka.

"Unamwona Salim akikunywa uji hapa kila asubuhi. Unamwona Syokau, jua ikiwa kali, akileta cherehani hapa chini. Mabati ikipata jua, Baba, unajua vile inakuwa. Sisi hatukatai chafya ni mbaya. Mwalimu tumemsikia. Basi utufundishe kukata matawi kabla haijatoa maua, na utufundishe kufagia. Lakini yule anataka kukata mti yenyewe, mguse roho saa hii, kabla tuseme Amina."

Akaliacha neno hilo likae hewani. Maua yakadondoka. Hapakuwa na mtu wa kumkatiza, kwa sababu alikuwa anaomba, na sasa hapakuwa na pa kupita isipokuwa mlango mmoja.

"Wote tuseme," akasema Mama Mwende.

"Amina," tukasema wote, na sauti ya Mzee Kilonzo niliisikia vizuri, kwa kuwa ni nene na ilichelewa kidogo.

Tulipofumbua macho Syokau alikuwa anaandika. Mwenyekiti akamuuliza anaandika nini, wakati mkutano ndio kwanza umefunguliwa. Syokau akamsomea: "Imekubaliwa na wote kwamba matawi yakatwe kabla ya maua na maua yafagiliwe. Miti ibaki." Mzee Kilonzo akasema lakini hatujapiga kura. Syokau akamuuliza, kwa adabu kabisa, kama anataka aandike kwamba mwenyekiti hakusema Amina.

Mzee Kilonzo alitazama kitabu. Akautazama mti wa tatu, pale chini kwenye shina, mahali shimo lilipokuwa. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu, akasema huyu mama amewapitishia azimio wakiwa wamefumba macho, na kwamba pasta akirudi lazima ajue ana mshindani.

Mama Mwende hakucheka. Alikwenda akachukua sahani, akala muthokoi wote, akaongeza.

Nilidhani mambo yangu yameisha. Nilikuwa nimeshaanza kuondoka pembeni, kimyakimya, nikiwa nimeshika miwani yangu iliyodondoka kwenye zile chafya ikakanyagwa. Ndipo Syokau akasema bado kuna jambo moja. Maua yatafagiliwa na nani? Lazima afagie kila asubuhi, mapema, kabla upepo haujaamka. Lazima awe mtu anayekaa karibu.

Salim akapangusa mdomo, akasimama na Kiswahili chake chote. Akasema yeye anamjua mtu mmoja tu ambaye ametangaza kwa maandishi, kurasa tatu, kwamba chavua haimdhuru. Akaongeza kwamba barua hiyo haijabanduliwa ubaoni.

Mikono ikanyooshwa. Sijawahi kuona mikono mingi hivyo sokoni kwetu, na miwili ilikuwa ya Mama Mwende. Nilitaka kupinga. Nilifungua mdomo, nikavuta pumzi, na kilichotoka ni chafya, ambayo Syokau aliiandika kama kukubali. Kisha mwenyekiti akatafuta wa kufunga kwa maombi, akimruka mtu mmoja kwa makusudi.

Naanza kesho saa kumi na mbili asubuhi, mti wa kwanza hadi wa kumi na moja, na nitamaliza hata kama ni kwa kutambaa. Anayetaka kucheka namkaribisha, lakini aje na fagio lake.